Mwaka Tuliopima Mtetemo

Mwezi uliopita nilikaa safu ya tatu katika ukumbi wa chuo kimoja mjini Lodwar, nikamsikiliza Akai akizungumza juu ya mashimo meusi. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani: wanafunzi wa sekondari na sare zao, makarani wa kaunti na vitambulisho shingoni, akina mama wa kanisa waliokuja kwa sababu tu msichana waliyemjua tangu utotoni amerudi akiitwa daktari, tena si daktari wa sindano. Nyuma yangu wanaume wawili walinong'onezana. "Hii shimo nyeusi italeta maji Turkana?" mmoja akauliza. Mwenzake akamjibu, "Nyamaza kwanza tusikie. Zamani ungeambiwa chini ya mchanga huu kuna mafuta, ungeamini?" Akai alizungumza Kiswahili, akihamia Kiturkana kila Kiswahili kilipomchosha. Alieleza jinsi mashimo meusi mawili yalivyozungukana mbali sana huko angani, yakagongana, yakawa moja, na jinsi mtikisiko wake ulivyofika duniani ukiwa wazi kuliko mingine yote iliyowahi kunaswa. Waliopima waliona kwamba uso wa shimo lililozaliwa ni mkubwa kuliko nyuso za yale mawili zikijumlishwa, kama wataalamu walivyotabiri kwa hesabu tupu kabla sisi hatujazaliwa. Kisha akasema kuna jambo ambalo hakuna anayelijua. Ile nadharia ya uvutano, inayotawala nyota, na ile nadharia ya chembe ndogo ndogo, kila moja ni kweli mahali pake. Lakini ukizipeleka zote mbili katikati ya shimo jeusi, haziongei lugha moja. Yeye kazi yake ni kusafisha vipimo, kutenganisha mtikisiko wa angani na kelele za hapa duniani. "Na mtu aliyenifundisha kelele ni nini," akasema, "amekaa pale safu ya tatu. Anaitwa Mwalimu Adut. Anafundisha fizikia Kalobeyei." Ukumbi mzima ukageuka. Nilitazama viatu vyangu, nikajua uso wangu unacheka bila ruhusa yangu.

Habari za kwetu Bor, Sudan Kusini, na jinsi tulivyovuka mpaka wa Nadapal kwa miguu, sitaziandika hapa. Nimezisimulia mara nyingi mno mbele ya watu wenye fomu, na kwangu zimechoka. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, ule niliokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili katika darasa la wasichana wa kumi na sita. Kambini hilo halikuwa ajabu. Wengi wetu tulipoteza miaka njiani. Hata hivyo nililiona aibu. Nilikuwa mrefu kuliko walimu wengi, kwa hiyo nilikaa dawati la mwisho ili nisimzibe mtu, na kwa mazoea ya kukaa nyuma nikazoea pia kunyamaza. Bweni letu lilikuwa jengo refu la mabati lenye vitanda vya ghorofa. Mimi nililala chini. Juu yangu alilala msichana mdogo wa Kiturkana kutoka Lodwar aliyeongea mchana, akaongea jioni, na akaongea usingizini. Huyo ndiye Akai. Wiki ya kwanza ya mwaka ule aliinamisha kichwa kutoka juu, nywele zikining'inia, akaniuliza, "Dada Adut, wewe ni bubu ama unatuchukia?" Nikamwambia mimi ni mzee. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe utakuwa unanyamaza na mimi nitakuwa naongea. Tutatosha mtu mmoja."

Fizikia tulifundishwa na Mwalimu Barasa, kijana kutoka Bungoma aliyetumwa Turkana na serikali, ambaye kila mtu alibashiri angeomba uhamisho kabla muhula haujaisha. Hakuomba. Asubuhi moja ya Februari aliingia darasani mbio, jasho likimtiririka, simu mkononi, hata akasahau kutusalimia. "Wameyapata," akasema. "Mawimbi ya uvutano. Wameyapata!" Sisi tukamtazama. Alichukua chaki akachora mashimo meusi mawili yakizungukana, akaeleza kwamba yaligongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, nafasi yenyewe ikatikisika, na mtikisiko huo umesafiri muda wote huo hadi ukapita katika dunia yetu, ukapita Kakuma, ukapita ndani ya miili yetu, na hatukuhisi kitu. Mtambo uliounasa una mikono miwili yenye urefu wa kilomita nne kila mmoja, na mkono ulirefuka na kufupika kwa kiasi kidogo kuliko sehemu ya elfu ya protoni moja. Darasa likaguna. Msichana mmoja wa mbele, Msomali aliyekuwa bingwa wa hesabu, akainua mkono. "Mwalimu, na hiyo itatusaidia nini?" Tukacheka. Mwalimu Barasa akatazama ubao wake, akatutazama sisi. "Sijui," akasema. "Lakini miaka mia moja iliyopita mtu mmoja alisema hayo mawimbi yako, na watu wakatafuta, wengine wakafa hawajaona, na leo yameonekana. Mimi nataka muwe watu wa aina hiyo. Wanaotafuta." Nilikuwa dawati la nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule, niliinua mkono. Nikauliza walijuaje kwamba si lori limepita karibu.

Nadhani mwaka wangu ulianzia kwenye swali hilo, maana Mwalimu hakulijibu. Alikuja kunitafuta wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni na sahani za githeri, na Akai alikuwa akieleza watu watatu kwa mpigo jinsi nyama kavu ya mbuzi ya kwao inavyokaangwa. Mwalimu akachuchumaa mbele yetu, akasema mashindano ya sayansi ya shule yanakaribia, na kwamba anataka tutengeneze mtambo kama ule, mdogo, wa mezani. Hautanasa shimo jeusi lolote, akasema, lakini utafanya kazi kwa njia ile ile, na utalijibu swali langu. "Adut atengeneze. Akai aongee mbele ya majaji." Nikasema mimi siwezi. Akai, mdomo umejaa maharagwe, akasema, "Anaweza."

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza ndefu ya zege, kabati lenye kufuli iliyokwama, na mabango ya mfumo wa jua yaliyokatwa na panya upande wa Zohali kwenda nje. Vifaa tulivitoa popote. Mwalimu alikuwa na leza ndogo nyekundu ya kuonyeshea ubaoni. Waendesha pikipiki wa njia ya Kalobeyei walitupa tyubu kuukuu. Tuliijaza upepo kidogo, tukaweka juu yake karai la mchanga wa laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya shule, na juu ya mchanga tukalaza bamba zito la zege, ili sakafu ikitikisika bamba lisipate yote. Kazi ya mtambo ni rahisi kuieleza. Mwanga wa leza unagonga kipande cha kioo kitupu kilichosimama mshazari, sehemu moja inapita na sehemu nyingine inageuka kando. Kila sehemu inakwenda kwenye kioo chake cha kujitazamia na kurudi. Zikikutana tena, zinachora ukutani mistari, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi. Kioo kimojawapo kikisogea hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, mistari inasogea. Rahisi kueleza. Wiki tatu tulijaribu na ukutani hatukuona chochote isipokuwa madoa mekundu mawili, manne, wakati mwingine sita, kama upele.

Kosa nililigundua mimi, na hata leo nikilikumbuka najisikia mrefu zaidi. Vioo vyetu vilikuwa vya kawaida, vya kinyozi, na kioo cha kinyozi kimepakwa rangi yake ya fedha kwa nyuma. Mwanga unarudi mara mbili, mara ya kwanza kutoka usoni, mara ya pili kutoka mgongoni. Ndiyo maana ya yale madoa. Tulihitaji kitu kinachong'aa usoni kabisa. Nilitafuta kichwani siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa tukifagia stoo, na pembeni kulikuwa na kompyuta mbovu zilizoletwa na wafadhili wa zamani na kufa moja moja kwa vumbi. Mojawapo ilikuwa wazi. Ndani yake, katika kisanduku cha chuma ambamo kompyuta huhifadhi kumbukumbu zake, niliona sahani ndogo ya duara inayong'aa, nikaona jicho langu ndani yake, jicho moja tu, safi, bila kivuli. Nilimkimbilia mwalimu mkuu kuomba ruhusa. Alikuwa mama mkali aliyependa kila kitu kiwe kimeorodheshwa. Alinitazama kutoka juu ya miwani, akasema, "Adut, huu ni mwaka wa tatu uko hapa na sijawahi kusikia sauti yako. Chukua."

Mistari ilionekana Jumapili moja baada ya ibada, sahani mbili za kompyuta zikiwa zimechukua nafasi ya vioo vya kinyozi. Tulikuwa tumefunika madirisha kwa mablanketi ya bweni ili tupate giza, na chini ya mabati yale saa saba mchana joto lilikuwa la tanuri. Akai alivua viatu akasimama kwenye beseni la maji. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya bamba, nikigeuza skrubu ya kioo kimoja kwa ncha ya kucha, huku Mwalimu Barasa ameshika pumzi mlangoni. Doa moja likapanda juu ya jingine. Likatetemeka. Kisha ukutani, juu ya bango lililoliwa na panya, ikasimama mistari kumi na kitu, myembamba, iliyonyooka. Halafu mistari yote ikaruka kwa pamoja, ikayumba, ikatulia, na sekunde chache baadaye tukasikia kengele za mbuzi wakipita nje ya ukuta. Mashine iliwasikia mbuzi kabla yetu. Akai alipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Kuanzia hapo kila mapumziko nilikaa gizani na daftari. Nilitaka jibu la swali langu la Februari. Niliandika kila mruko wa mistari, saa yake na umbo lake: ulianza polepole au ghafla, ulidumu muda gani, ulikufa vipi. Baada ya majuma kadhaa nilijua lori la maji kutoka lori la kwenda Lokichoggio, nilijua kengele ya shule, upepo wa alasiri, wasichana wanaocheza mpira wa wavu. Nilijua hatua za mwalimu mkuu kabla hajafika mlangoni, na hilo lilituokoa mara moja au mbili. Niliandika haraka, kwa hiyo niliandika Kidinka, lugha ya kwetu, nikichanganya na alama zangu mwenyewe. Akai alikaa karibu yangu akijifunza kuongea: aliwahutubia mablanketi kana kwamba ni majaji. "Ukitaka kujua ishara ya kweli," alisema kwa sauti ya mchungaji, "lazima kwanza uzijue kelele zako zote kwa majina!" Maneno hayo yalikuwa yangu. Kinywani mwake yalisikika makubwa.

Mashindano ya kwanza yalikuwa hapo hapo Kakuma, tukayashinda. Ya kaunti yalipangwa Lodwar, na hapo ndipo karatasi ilipoingia. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Mwalimu Barasa alipeleka jina langu mapema kwenye ofisi ya kambi, akaambiwa arudi Jumanne. Jumanne akaambiwa anayeweka sahihi amesafiri. Alhamisi akaambiwa orodha iko mezani. Alikwenda kwa miguu kila mara, kwenye jua, na kila aliporudi alifuta viatu vyake vumbi kabla ya kutuambia, kana kwamba viatu ndivyo vilivyokuwa na makosa. Asubuhi ya safari nilikuwa nimepiga pasi sare yangu mara mbili. Gari la shule lilikuwa limewashwa, mtambo umefungwa ndani ya magodoro mawili. Mwalimu akaja kutoka ofisini na bahasha. Ndani mlikuwa na vibali vya wasichana wanne wa shule yetu waliokuwa na miradi mingine. Changu hakikuwemo. Hakuna aliyelikataa jina langu. Liliachwa tu, kama mtu anavyosahau chumvi.

Akai akashuka garini. "Sipandi," akasema. Mwalimu akamwambia muda unakwenda. "Sipandi, Mwalimu. Kwani mtambo ni wangu? Mimi ni mdomo tu." Alianza kulia, na alipolia alikuwa mtoto kabisa, nikakumbuka kwamba nimemzidi miaka sita. Nilimshika mabega. Nilikuwa na hasira, na nilichotaka hasa ni kurudi bwenini nikafunike uso. Lakini nilimwambia, "Ukibaki, wataandika kwamba Kakuma haikuja. Basi. Hawataandika kwa nini. Ukienda, kuna mtu ataona kile tulichofanya." Nikampa daftari. Nikamwonyesha haraka haraka skrubu ipi iguswe kwanza na ipi isiguswe kabisa. Alipanda akiwa amelikumbatia daftari kifuani. Gari lilipoondoka, rafiki yangu wa bweni kutoka Juba alinipigapiga mgongoni akisema, "Malesh, Adut, malesh," pole, pole. Nikamwomba aniache.

Sikwenda darasani. Nilikwenda jikoni, kwa sababu Mama Furaha, mpishi wetu, mwanamke wa Kivu mwenye mikono ya nguvu kuliko ya mwanamume yeyote niliyemjua, hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alinipa sinia la dengu nichambue mawe. Jiko lilikuwa na moshi na joto, na masufuria yake makubwa yalipiga kelele za kuchemka. Kila kifuniko kilipogonga, nilijikuta nikiwaza umbo la mruko wake ukutani. Alikuwa akizungumza na msaidizi wake juu ya dada yake aliyepelekwa nchi ya baridi, jinsi anavyolia kwamba huko mihogo inauzwa imeganda kama jiwe. Saa sita ilipita. Nilikuwa nimemaliza dengu zote na kuanza tena upya sinia lile lile. Kisha simu yake, ambayo namba yake walimu wote walikuwa nayo, ikalia mfukoni mwa aproni. Akasikiliza, akanitazama, macho yakamtoka. "Adut, kuya mbio! Banakuita ku simu, beko Lodwar!"

Yaliyotokea Lodwar niliyasikia baadaye kwa Akai na kwa Mwalimu, kila mmoja kwa njia yake, na nimeyaunganisha. Akai aliunganisha mtambo ukumbini, na kwa karibu saa nzima mistari ilikataa. Ilipokubali, akawaita majaji. Aliongea vizuri. Majaji walikuwa wawili, mwanamume mzee aliyevaa tai na mwanamke aliyefundisha fizikia chuoni. Yule mzee akauliza, "Utajuaje kwamba hii mistari haichezi tu kwa sababu ya upepo? Nionyeshe vipimo." Akai akafungua daftari, na hapo akaona kile ambacho sote tulikisahau: kurasa zote zilikuwa za Kidinka. Hakuweza kusoma hata mstari. Mtu mwingine angebuni kitu. Akai akasema, "Siwezi kusoma. Aliyeandika hakuruhusiwa kuja. Si kwamba hana akili, hana karatasi. Niruhusuni nimpigie." Mzee akasema kanuni zinakataza msaada kutoka nje. Yule mwanamke akamjibu bila kuinua sauti, "Mwenye kazi hawezi kuwa msaada kutoka nje. Mpigie."

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichosikia ni sauti ngeni ya kike ikiniuliza, katikati ya mvumo wa ukumbi, kama mimi ndiye Adut. Nikasema ndiyo. Nilizoea kusema ndiyo kwenye simu na kwenye madirisha ya ofisi, kisha kungoja niambiwe la kufanya. Lakini akauliza juu ya upepo. Na upepo nilikuwa naujua. Nikamwambia upepo wa alasiri hauanzi ghafla, unavimba, na mistari inakwenda na kurudi upande uleule kwa muda mrefu. Lori linaanza dogo, linakua, linafifia. Kengele inaruka mara moja na kufa haraka. Nikamtajia ukurasa wa kila kimoja, na nikasikia kurasa zikifunuliwa huko Lodwar. Nikasema nilifuta katika hesabu yangu kila mruko niliokuwa na jina lake, na katika majuma hayo yote ilibaki michache ambayo sikuijua. Akauliza hiyo michache ni nini. Nikasema, "Sijui, Madam. Ndiyo maana sijaifuta." Mama Furaha alikuwa amezima majiko yake mawili ili nisikie vizuri. Upande wa pili kukawa na minong'ono, kisha mtu akasema kwa nguvu, "Tazameni! Tazameni ukutani!" Nikadhani mtambo umeanguka.

Haukuanguka. Akai alikuwa ameiweka simu juu ya lile bamba la zege, kwenye spika, ili mikono yake iwe huru kufunua daftari. Kila niliposema neno, spika ilitetemesha bamba, na mistari ukutani ikacheza. Niliponyamaza, ikatulia. Ukumbi wote uliacha miradi yake ukasogea. Yule jaji mwanamke akawainulia watu mkono wanyamaze, akangoja mpaka mistari ikasimama wima kabisa. Kisha akaniambia, "Adut, sema jina lako. Jina lako lote." Sikuelewa kwa nini. Nikasimama wima jikoni pale, sinia la dengu likamwagika, nikasema: "Adut Majok Deng." Na huko Lodwar, mwendo wa kilomita zaidi ya mia kutoka mahali nilipokatazwa kutoka, watu wakaliona jina langu likipita katika mwanga. Yule mzee mwenye tai, Mwalimu aliniambia, alivua miwani akaifuta, akasema, "Andikeni majina mawili."

Tulipata nafasi ya pili katika fizikia, nyuma ya wavulana waliotengeneza pampu ya maji, na pampu yao ilikuwa nzuri, sina neno. Nafasi ya pili ilitosha kutupeleka ngazi ya mkoa. Jaji yule aliandika barua kwa mkono wake, na Mwalimu Barasa akaipeleka ofisini kwa miguu, na safari hii hakuambiwa arudi Jumanne. Huko mkoani hatukushinda. Tulikuta shule zenye maabara za vigae na vifaa vya kununuliwa, na mtambo wetu ulikataa kutulia siku nzima kwa sababu ya jenereta lililokuwa nyuma ya ukuta. Nililia kidogo, kisha nikatoa daftari nikaandika umbo la jenereta. Mwisho wa mwaka Mwalimu alihamishwa. Siku hizi ni mwalimu mkuu karibu na kwao, na asubuhi ya ule mhadhara alinipigia simu kuniuliza kama Akai bado anaongea sana. Akai alikwenda chuo kikuu, akaenda ng'ambo. Mimi nilisomea ualimu nikarudi. Watu huniuliza kama inaniuma kwamba yeye ndiye aliyefika kwenye ile mitambo mikubwa. Iliwahi kuniuma, miaka miwili mitatu, sitadanganya. Lakini sasa kila mwaka nina wasichana arobaini gizani chini ya mablanketi, na wakiona mistari kwa mara ya kwanza wanapiga kelele, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni nimeshika pumzi. Wawili wao wako chuo kikuu wanasoma fizikia. Sijui kama kuna mtu huko ng'ambo mwenye kazi bora kuliko hiyo.

Jambo moja la mwaka ule sijawahi kuliandika, na ni dogo. Tulipokuwa tukienda mkoani, gari lilisimama Lodwar tupate chakula. Hiyo ndiyo siku niliyouona mji kwa mara ya kwanza bila kuwa ndani ya gari la wagonjwa. Akai alinivuta mkono akinionyesha kila kitu kama mwenye nyumba: daraja la Turkwel na miti yake mirefu, kanisa, soko la vikapu, mahali alipoanguka na baiskeli. Tukaingia hoteli ndogo ya turubai. Mama mwenye hoteli, shanga zimejaa hadi kidevuni, akatuletea chapati na mchuzi wa mbuzi. "Ejok?" akasalimia. "Ejok-noi," Akai akamjibu. Kisha yule mama akanitazama mimi, toka kichwani hadi miguuni, na kwangu huo ni mwendo mrefu. "Na huyu ni mtu wa wapi?" akauliza. Swali hilo nilikuwa nimeulizwa maisha yangu yote, na nilikuwa na jibu lake tayari, kambi, eneo, namba ya kadi. Nililisema hata usingizini. Nikafungua mdomo, na likatoka jingine.

"Mimi ni mtu wa fizikia."

Yule mama akafikiri, kijiko cha mchuzi hewani. "Fizikia," akasema. "Iko upande gani? Mbele ya Todonyang, kule mpakani?"

Akai alikuwa amejiinamia mezani, mabega yakimruka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilimsogezea yule mama sahani yangu aniongezee mchuzi.

"Mbele kidogo, mama," nikamwambia. "Ndiko tunakoenda."